Mjadala: Watoto wenye vipaji wafundishwe uhandisi kivyao, au pamoja na darasa zima?

Mhandisi wa ujenzi, Kigamboni (mwanzisha mada)

Wanajamvi, naomba tulijadili hili kwa kina. Tunazo shule za vipaji maalumu, kama Kibaha, Ilboru na Mzumbe, lakini mtoto huzifikia baada ya mtihani wa darasa la saba. Kabla ya hapo hana pa kukimbilia. Shule zenye uwezo hapa Dar zinaziba pengo kwa maboksi ya roboti: mtoto anafuata picha moja baada ya nyingine, roboti inatembea, wazazi wanapiga makofi. Kwangu huko ni kuunganisha tu. Uhandisi unaanza pale mtoto anapoandika kabla ya kujenga, "hili litabeba kilo 6 na litaanza kuvunjika hapa," halafu analipakia mzigo mpaka livunjike kweli.

Kwa hiyo hoja yangu: watoto wenye vipaji watengewe saa mbili zao kila wiki, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili.

Zoezi la kuanzia ni daraja la vijiti vya mishikaki. Kundi la watoto wanne lipewe vijiti 60 vya sentimita 30, unene milimita 3, gundi ya mbao, uzi wa kushonea viatu, rula na ndoo ndogo. Mizani ya jikoni ya kilo 5 moja inatosha makundi kadhaa. Ncha zikatwe kabla vijiti havijagawiwa. Daraja lipite pengo la sentimita 40 kati ya meza mbili, ndoo ining'inie katikati, maji yaongezwe nusu lita kwa nusu lita, yaani nusu kilo kila mara. Sakafuni chini ya ndoo pawekwe beseni.

Kabla ya daraja, wapime kijiti kimoja. Kisimamishwe wima juu ya mizani, kikandamizwe taratibu kwa kidole kilichokingwa na kifutio, wasome namba pale kinapoanza kupinda. Kijiti cha sentimita 30 hupinda kwenye nusu kilo au zaidi kidogo. Kikatwe nusu, namba inapanda karibu mara nne. Kikatwe kibaki theluthi, ni karibu mara tisa, na mizani ya kilo 5 inaweza kuishiwa. Mtoto anayejua kipeo cha pili ataliona hilo bila kuambiwa. Mwacheni aligundue mwenyewe.

Mwalimu wa sayansi, Temeke

Mhandisi, kuhusu maboksi tuko pamoja. Kuhusu kutenga, hapana. Zoezi hilohilo linafaa darasa zima, kinachobadilika ni masharti. Darasa lijenge daraja lolote linalobeba kilo 3. Wanaokimbia mbele waambiwe daraja lenyewe lisizidi gramu 60, gundi ikiwemo. Vijiti 60 peke yake vina uzito wa gramu 90 hivi, kwa hiyo lazima waamue vipi viondoke.

Hapo ndipo akili inapofanya kazi. Wakitaka kujua kijiti gani kinavutwa na kipi kinabanwa, wakitoe na mahali pake wafunge uzi uliokazwa. Daraja likiendelea kubeba, kijiti kile kilikuwa kinavutwa au hakikuwa na kazi, kwa sababu uzi hauwezi kubanwa. Likilegea, kilikuwa kinabanwa. Kisha waangalie Daraja la Kigamboni, lile lililofunguliwa 2016: nyaya zimewekwa mahali pa kuvutwa, zege imesimama mahali pa kubanwa. Mtoto wa Kurasini analiona kila siku. Kwa nini wenzake wa dawati moja wanyimwe somo hilo?

Mhandisi wa ujenzi, Kigamboni

Mwalimu, wazo la uzi ni zuri sana, nalichukua. Ila piga hesabu ya muda. Watoto 80 ni makundi 20. Kupakia daraja moja nusu lita kwa nusu lita, huku wakiandika, ni dakika 10. Jumla dakika 200, vipindi vitano vya dakika 40, na bado hujajenga. Matokeo yake mwalimu anaruka kupakia, na bila kupakia hakuna somo.

Mwalimu wa sayansi, Temeke

Siruki. Nusu lita kwa nusu lita ni kwa wale wa gramu 60. Wengine watumie mifuko ya mchanga iliyopimwa tayari, kilo moja moja, kwenye vituo vitano kwa wakati mmoja. Kinachoharibu muda ni gundi. Inahitaji saa 24, na wakati wa masika ipewe siku mbili. Ikipakiwa mbichi, viungo vinateleza na watoto wanadhani umbo lao ni bovu. Kiungo kifungwe uzi kwanza, gundi juu yake. Gundi ile ya kushika papo hapo msiwape: inanasa vidole na kiungo chake kinakatika ghafla.

Jingine: kamba ya ndoo ikae kwenye kiungo. Ikikaa katikati ya kijiti, kijiti kile kitavunjika mapema hata kama kenchi nzima, yaani fremu ya vijiti vilivyoungana, imepangwa vizuri.

Fundi umeme, Gerezani

Naongeza la umeme, maana uhandisi si madaraja tu. Betri mbili za tochi ni volti 3. Taa ndogo nyekundu ya LED inatumia kama volti 2, volti 1 inayobaki ipite kwenye rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 100, na mkondo unakuwa miliampia 10 hivi. Salama. Sasa unganisha taa nyeupe sambamba na ile nyekundu, nyuma ya rezista hiyohiyo. Nyeupe haiwaki, au inafifia sana. Wengi watasema imeungua. Mtoto mwenye kipaji atang'oa nyekundu, aone nyeupe inawaka, ingawa kidogo, kisha aanze kuuliza. Nyekundu inaishusha njia yote hadi volti 2, na nyeupe inataka karibu 3.

Betri za simu zisiingie darasani. Zikipigwa shoti zinaweza kushika moto.

Mzazi, Mbagala

Samahani walimu wangu, nani anachagua wenye vipaji? Tukichagua kwa alama za mtihani, anayefikiri kwa mikono anaachwa. Tukichagua kwa Kiingereza, anaonekana hodari aliyesomeshwa shule ya kulipia. Maneno ya kazi yenyewe tunayo kwa Kiswahili: kenchi, mshazari, nguzo, boriti, nondo.

Mhandisi wa ujenzi, Kigamboni

Dada, umegusa penye jipu. Nakubali, alama zisitumike. Kila mtoto apewe karatasi nne za A4 na sentimita 30 za seloteipu, atengeneze cha kuinua daftari sentimita 15 juu ya meza, ndani ya dakika 40. Anayechagua asitazame nani amefaulu kwanza. Atazame mtoto amefanya nini baada ya kuanguka mara ya kwanza: amerudia vilevile, au amebadilisha kitu kimoja na kupima tena? Zoezi lirudiwe kila muhula kwa shule nzima, ili mlango usifungwe kwa aliyekosa.

Na kwa hoja ya Mwalimu: ujenzi ufanyike na darasa zima. Ila saa mbili za Jumamosi za kupima vijiti na kukadiria kabla ya kupakia, hizo bado nazidai.

Mwalimu wa sayansi, Temeke

Jumamosi sawa, mradi mlango uwe wazi kwa yeyote atakayekuja na makadirio yake yameandikwa.