Ushauri wa haraka: kigoda cha maua kinacheza, nikipaka vanishi kitatulia?

Kipepeo Mweusi (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Nimejitengenezea kigoda cha kuwekea chungu cha maua kwa mbao zilizokuwa zimelala tu nyumbani. Miguu minne, juu nimepigilia vipande vitatu, nimepiga msasa mpaka kimelainika. Tatizo ni kwamba ukikigusa kinacheza. Je, vanishi ikikauka haiwezi kushikanisha yale maungio? Na nipake mara ngapi? Tafadhali nijibuni mapema, brashi ninayo mkononi na sina raha.

Tindo
Vanishi inakinga maji, haishiki kiungo. Kinacheza kwa sababu miguu haina fito za kuifunga. Weka fito nne chini tu ya uso wa juu na nyingine nne karibu na sakafu, utaona tofauti. Halafu niambie, misumari imeingia ubavuni mwa mbao au kichwani, pale msumeno ulipokatiza nyuzi? Ya kichwani hushika vibaya sana.

Mama Waridi
Mbona hamuulizi ni ua gani? Mimi langu lilioza mizizi huku nimekazana kusifia kigoda. Weka sahani chini ya chungu, na hiyo sahani uiinue kwa vijiti viwili hewa ipite, la sivyo maji yanatuama na mbao inageuka nyeusi. Nyayo za miguu ndiyo zipake vanishi mara nyingi kuliko kwingine, kichwa cha mbao kinanyonya maji hatari. Langu lilikuwa waridi la kupanda, nilipewa na marehemu shangazi, nitaliandikia uzi wake siku moja.

Babu wa Randa
Vijana wa leo mnaanza na vanishi! Sisi fundi alitushikisha msumeno na vipande vya mbao mbovu, kazi ni kukata mikato tu, jioni anavitupa vyote. Kigoda cha maua hakitaki hata msumari uso wa juu. Chukua fito mbili, kila mmoja uukate katikati mkato wenye upana sawa na unene wa mwenzake, kina chake nusu ya kimo cha ufito. Mmoja unafungukia juu, wa pili chini, vinavaana msalaba. Ncha nne unazifunga kwenye miguu kwa gundi na skrubu, chungu kinakaa juu ya msalaba. Toboa kwanza kwa drili, mbao isipasuke. Lakini nani ana subira siku hizi.

Nusu Shari
Uzi bila picha ni hadithi. Kimo?

Kipepeo Mweusi
Kimo cha kawaida tu mkuu. Asante Babu, ila hiyo ya msalaba inanitaka nibomoe, na mimi sibomoi. Simu yangu kamera imekufa.

Tindo
Kawaida ni sentimita ngapi?

Kipepeo Mweusi
Mita moja. Chini 30 kwa 30. Msishtuke, dirisha langu liko juu na mmea unataka mwanga. Chungu ni cha udongo, mdomo 40, kitako 28, kimo 40.

Tindo
Mita moja juu ya nyayo za 30! Huo uzito ukisogea sentimita 15 tu kutoka katikati umeshatoka nje ya miguu, kimelala. Hapo tatizo halikuwa kucheza. Nani anapita karibu?

Kipepeo Mweusi
Ni kwangu, napita mimi.

Mama Waridi
Na nani mwingine, mwanangu?

Kipepeo Mweusi
Basi, yupo mtoto. Ameanza kusimama kwa kushika vitu. Lakini ni mtoto mwelewa, nikimwambia hapana anaacha. Na miguu nimeshaikata, nikifupisha mbao inapotea bure. Nilitaka mnisaidie vanishi, mmeniletea mahakama.

Mama Waridi
Mtoto anayejifunza kusimama hajui hapana, anajua kushika. Hicho kigoda kitoe leo hii, chungu kikae sakafuni.

Fito Tatu
Samahani, mbao zenyewe ni za paleti za mizigo? Angalia muhuri. HT ni iliyopashwa moto, haina shida. MB ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu, hiyo usiiingize ndani kabisa. Isiyo na muhuri, achana nayo pia.

Kipepeo Mweusi
Imeandikwa HT, angalau kitu kimoja nimepatia. Na jamani mnakuza mambo. Hicho chungu kila nikifagia nakishusha na kukirudisha mwenyewe, hakijawahi kuniponyoka.

Nusu Shari
Ngoja kwanza. Mdomo 40, kitako 28, kimo 40: ndani inaingia kama lita 36. Lita moja ya udongo wa shamba uliolowa ni kilo moja na nusu kwa makadirio ya chini. Hizo ni kilo 50 na kitu, chungu chenyewe sijahesabu. Wewe unazishusha kutoka mita moja ukiwa na ufagio? Kamera imekufa, mtoto mwelewa, kilo 50 kwa mkono. Wadau, hii ni chai, na haina hata sukari.

Babu wa Randa
Nilishangaa na mimi. Nikadhani ni nguvu za ujana.

Fito Tatu
Ametutungia. Mimi nimemtafutia mpaka mihuri!

Kipepeo Mweusi
Sijatunga. Chini nimejaza chupa tupu za plastiki mpaka zaidi ya nusu, udongo uko juu tu. Ndiyo maana ni chepesi. Sasa mmeridhika?

Nusu Shari
Kwa chupa, hesabu inakubali. Nafuta neno chai.

Tindo
Inakubali, na inazidi kuharibika. Umeondoa uzito chini ukauacha juu kabisa. Chupa zitoe, mmea uhamie kwenye chungu kidogo chenye udongo mpaka kitakoni. Kigoda kishuke hadi sentimita 45, kisha kifunge ukutani kwa kipande cha chuma chenye pembe. Hata kikifungwa, mtoto akikua kidogo atajaribu kukipanda, kwa hiyo uwe macho.

Kipepeo Mweusi
45 ni kifupi mno, mwanga hautafika. Nitashuka mpaka 70 na nitafunga ukutani.

Mama Waridi
Peleka ua kwenye dirisha lingine! Lazima liwe hilo hilo?

Kipepeo Mweusi
La jikoni liko chini zaidi. Sikuliwaza kwa sababu mwenzangu ameweka masufuria pale. Haya, nitaongea naye, 45 imepita. Ila fito za chini siweki, zinaharibu umbo.

Babu wa Randa
Kwa kimo cha 45, fito za juu zinatosha ukizitia gundi. Usipime kila mguu kutoka juu, utakata visivyolingana. Kisimamishe mahali tambarare, laza penseli juu ya kipande cha mbao chenye kimo sawa na unachotaka kupunguza, zungusha mguu hadi mguu, kata kwenye mstari.

Kitunguu Maji
Naingilia kidogo wakuu. Mimi nina rafu ya vitabu imeegemea upande mmoja, nayo nikiipaka vanishi…

Nusu Shari
Fungua uzi wako. Na picha.