Mtoto akizaliwa na kilo nyingi ndo atakuwa bonge?

MamaJunia: Jamani wa kwangu kazaliwa na kilo 4.2, kila anayembeba anasema huyu atakuwa bonge, ni kweli au maneno tu?

Tabibu_mtarajiwa: Kuna ukweli kiasi. Waliozaliwa wazito wengi huwa na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya juu utotoni, ila BMI haitofautishi msuli na mafuta, na uzito wa kuzaliwa unaendana zaidi na misuli kuliko mafuta. Swali langu, ulipimwa sukari ukiwa mjamzito? Sukari ya mama ikipanda ndo mtoto anajazwa mafuta akiwa bado tumboni mwa mama.

Kipepeo77: Mnasahau wadogo sasa. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 halafu akanenepa harakaharaka miezi ya mwanzo (na ndugu wote wanashangilia), huyo mafuta huwa yanakimbilia tumboni, unaona mikono myembamba ila kitambi kipo, na ukubwani kisukari aina ya 2 kinamnyemelea.

MamaJunia: Nilipimwa, ilikuwa poa. Kwa hiyo nisimpunguzie maziwa?

Tabibu_mtarajiwa: Usithubutu! Nyonyesha anavyotaka, kliniki waangalie mstari wake kwenye kadi, ukipaa ghafla ndo uwaulize.