Msumeno wa betri uliopunguzwa bei: mashine tupu au seti kamili?

Banda_la_Zamani
Wakuu, duka moja limeshusha bei ya misumeno ya betri, ile ya bledi ndefu inayokwenda mbele na nyuma. Kuna DeWalt ya 18V mashine tupu kwa punguzo la asilimia 40, na seti ya "20V Max" ya Marekani yenye betri moja ya 2.0Ah (Ah ni kiasi cha chaji inachobeba) na chaja, punguzo lake dogo. Kazi ni za nyumbani: kubomoa kenchi za banda, kupunguza matawi ya mwembe, kukata bomba za GI (chuma kilichopakwa zinki). Tayari nina drili ya Makita 18V na betri mbili za 5.0Ah. Nichukue ipi?

Kenchi_na_Mbao
Hata moja, mkuu. Gharama kubwa iko kwenye betri na chaja, na wewe unavyo. Tafuta mashine tupu ya Makita, DJR186Z au DJR187Z. Z mwishoni maana yake haina betri wala chaja. Zote bledi inatembea milimita 32. Ya 186 ina mota yenye kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota; vikilika unabadilisha kwa bei ndogo. Ya 187 haina kaboni na inatunza chaji zaidi.

Usishawishike na adapta ya kuvalisha betri ya Makita kwenye DeWalt. Nyingi haziunganishi ile njia ya ulinzi inayozima mashine chaji ikipungua, betri inanyonywa hadi chini kabisa, kisha chaja inaikataa.

Voltimita
Naongezea kuhusu ile seti. 20V Max na 18V ni umeme uleule: seli 5 mfululizo, kila moja volti 3.6, jumla 18; ikijaa inasoma 20. Tatizo ni chaja. Soma kibandiko chake: kama kimeandikwa 120V pekee, ukiichomeka kwenye 230V ya kwetu inaungua. Na 2.0Ah ni ndogo kwa msumeno huu, unavuta umeme mwingi kuliko drili.

Ukija kununua betri ya ziada, ipime kwenye mizani. 5.0Ah ya kawaida ina seli 10 na inazidi nusu kilo. Iliyoandikwa 5.0Ah au 6.0Ah halafu ina gramu 350, ndani kuna seli 5. Iache hapohapo.

Meno_kwa_Inchi
Bledi ndiyo inayofanya kazi, wengi wanaisahau kwenye bajeti. Shina lake, ile sehemu inayoingia kwenye mashine, ni la nusu inchi kwa karibu kampuni zote, kwa hiyo usifungwe na jina.

Kenchi zenye misumari: bledi ya metali mbili, meno 6 kwa inchi, urefu milimita 225. Ipitishe kwenye maungio ikate misumari yenyewe, mbao zitabaki nzima za kutumia tena. Mwembe mbichi: meno 5, makubwa. Bomba la GI: meno 18, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na meno makubwa yanakwama na kung'oka. Kwenye chuma punguza kasi na tia tone la mafuta. Ukikimbiza, meno yanapata moto na kuwa butu ndani ya bomba moja.

Banda_la_Zamani
Asanteni sana. Kuna anayesema mashine hii inatikisa mikono vibaya na bledi zinapinda. Ni kweli?

Kenchi_na_Mbao
Inatikisa pale kile kiatu cha chuma cha mbele kisipogusa unachokata. Kikandamize kwenye mbao muda wote, bledi ndiyo isogee. Kupinda kunatokana na kubanwa: tawi ukilikata kutoka chini hadi ndani sana, linashuka na kuifunga bledi. Anza chini, theluthi moja ya unene tu, ndipo umalizie kwa juu, sentimita chache kuelekea ncha ya tawi kutoka mkato wa kwanza. Bomba nalo litegemeze pande zote mbili. Na chomoa betri kabla ya kubadilisha bledi, kila mara. Kitufe kinabonyezwa kirahisi mno ukiwa umeishika.

Voltimita
Dukani fungua kibano cha bledi, kiachie: kirudi chenyewe kwa nguvu. Kisha vuta lile shina linalobeba bledi juu na chini. Likicheza sana, huenda mashine hiyo imeshatumika na kurudishwa, na ndiyo sababu ya punguzo.