Mjadala: Je, Warohingya watafsiriwe Qur'ani kwa lugha yao?

Mwana wa Makadara: Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Tangu Agosti 2017 Warohingya, Waislamu wa magharibi mwa Myanmar, zaidi ya 700,000 wamevuka mpaka kuingia Bangladesh, huku vijiji vyao vikiteketea nyuma yao. Madrasa zao zimezoea kufundisha kwa Kiurdu, ilhali mama na mwanawe nyumbani huzungumza Kirohingya. Je, tarjuma ya Qur'ani kwa Kirohingya ni haja ya sasa, au ingoje mpaka watu hao wapate makazi na uraia?

Ustaadh Kombo: Ingoje. Mtu anayelala kwenye kibanda cha mianzi na turubai anahitaji maji na dawa kwanza. Isitoshe, Kirohingya ni lahaja tu ya watu wa Chittagong, huko Bangladesh; wasome tarjuma ya Kibengali iliyopo, yaishe.

Bint Pangani: Ustaadh, habari ya maji nakuachia, lakini hilo "lahaja tu" limenichoma. Wanaopenda kusema kwamba watu hawa ni Wabengali ni watawala wa Myanmar, ambao sheria yao ya uraia ya mwaka 1982 ndiyo iliyowafanya wasiwe na kwao. Kingazija cha Komoro nacho kina undugu wa karibu na Kiswahili chetu. Hebu mwambie Mngazija kwamba hana lugha, uone utakavyojibiwa.

Ustaadh Kombo: Dada yangu, usinitwike mzigo wa majenerali. Nimezungumzia lugha, wewe umeleta siasa.

Mzee wa Ngamiani: Wanangu, sisi wenyewe tulisema "ingoje" tukaona matokeo yake. Tarjuma ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilifanywa na padri, nadhani mwaka 1953.

Msomaji wa Usiku: Shikamoo Mzee, ila umechanganya mbili. Padri ni Godfrey Dale wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na yake ilitoka mwaka 1923. Ya mwaka 1953 ni ya Waahmadiyya, jumuiya ambayo masheikh wengi wa Kisunni hawaikubali, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alikamilisha ya kwake mwaka 1969, yaani miaka 46 baada ya padri.

Mzee wa Ngamiani: Marahaba. Mwaka umenikosoa, hoja hujaigusa.

Ustaadh Kombo: Kumtaja Farsy katika sentensi moja na Waahmadiyya ni kumkosea adabu, maana sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwajibu wao.

Msomaji wa Usiku: Ndivyo ninavyosema, Ustaadh. Alijibu, hakuanza.

Mwana wa Makadara: Niliuliza habari za Warohingya, naona tumeshateremka bandarini Unguja.

Jirani wa Kuala Lumpur: Basi niwarudishe. Nilipokuwa nasoma Malaysia, jirani yangu alikuwa Mrohingya aliyepanga mboga sokoni tangu alfajiri. Alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa kwa Kiarabu, na hakuwahi kuandika neno hata moja kwa lugha yake. Mkewe aliyekuwa kambini alimtumia ujumbe wa sauti, naye aliiweka simu sikioni katikati ya mafungu ya mchicha, akausikiliza mara mbili, kisha akajibu kwa sauti vilevile. Siku moja aliniuliza maana ya aya aliyoisoma katika kila sala tangu utotoni. Nilimweleza kwa Kimalei changu kibovu, na niliona haya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisoma vizuri kuniliko. Mtu kama huyo ukimpa kitabu umempa pambo la kabati. Tarjuma yake iwe ya kusikilizwa.

Bint Pangani: Sauti peke yake haitoshi. Maulana Mohammad Hanif aliwabunia hati yao katika miaka ya 1980, inaandikwa kutoka kulia, na tangu 2018 imo katika Unicode. Tukiwapa sauti tu, tunakubali kwamba lugha yao haistahili karatasi.

Jirani wa Kuala Lumpur: Dada, wengine wanaandika kwa herufi za Kilatini, wengine za Kiarabu. Ukichagua moja leo umewagawa watu ambao tayari wametawanyika.

Ustaadh Kombo: Sasa mmeanza kunikubalia kwamba kuna kazi ya kutangulia tarjuma.

Bint Pangani: Hapana, Ustaadh. Wewe ulisema wasome Kibengali.

Ustaadh Kombo: Nilisema iliyopo. Na hiyo aya ya jirani yako, ulimweleza kwa tafsiri ya nani?

Jirani wa Kuala Lumpur: Ya Farsy, niliyoibeba kutoka nyumbani. Niliisoma kwa Kiswahili, nikaigeuza Kimalei, naye akaigeuza Kirohingya kimoyomoyo.