Mrejesho: Kutoka Terminal 3 hadi Kariakoo

Wakuu, niliuliza hapa nitatokaje uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hapa Dar, Terminal 3, hadi Kariakoo bila kukamuliwa na teksi. Nimefika salama, ahsanteni.

Aliyeniambia nikadake daladala za kutoka Gongo la Mboto pale Nyerere Road alikuwa sahihi. Ila hakusema kwamba toka mlangoni mpaka barabarani si mchezo! Begi kilo 23, jua la saa nane. Nikasalimu amri, nikapanda boda hadi kituoni. Konda akalidai begi nauli yake (nikalipa, ningefanyaje?). Tazara tukapita juu kwa juu darajani Mfugale, foleni ikatungoja kwenye makutano ya Kamata.

Kurudi Jumapili, naita teksi ya mtandaoni.