Mjadala: Hadithi fupi ya kutisha ikivutwa mpaka iwe filamu nzima, bado ni ya mwandishi wake?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Natupa jiwe gizani. "The Pit and the Pendulum" ya Edgar Allan Poe (1842) ni mfungwa mmoja, shimo moja na kisu kinachoshuka polepole juu ya kifua chake. Basi. Roger Corman alipoitengeneza mwaka 1961 ikawa filamu ya dakika 80, na kisu hakianzi kushuka mpaka dakika za mwisho. Kabla ya hapo tunapewa Nicholas, mwenye ngome, mkewe Elizabeth anayedhaniwa amekufa, shemeji aliyetoka Uingereza kuja kuulizia, daktari hawara na kaburi linalobomolewa. Vyote kavitunga Richard Matheson, mwandishi wa muswada. Hata panya wanaotafuna kamba za mfungwa, ambao ndio ufundi wenyewe wa Poe, wameachwa. Mimi naona uji umetiwa maji, jina la Poe likabandikwa ili tiketi ziuzwe.

Mzee wa Rili
Maji hayo kayateka kisima gani? Mama wa Nicholas kajengewa ukuta akiwa hai: hiyo ni "The Cask of Amontillado". Hofu ya kumzika mtu kabla hajafa: hiyo ni "The Premature Burial". Matheson hakutunga kutoka hewani, alishona vipande vya Poe mwenyewe. Na ile picha ya mwisho, mlango wa chumba cha mateso unafungwa daima huku Elizabeth yumo ndani ya sanduku la chuma, mdomo umezibwa, macho yanaona kila kitu... Nani atasema hiyo si ya Poe?

Binti Usher
Mzee, nakubali kwa Pit, nakataa kwa House of Usher (1960), filamu nyingine ya Corman kutoka hadithi ya Poe, ingawa mwandishi ni huyohuyo Matheson. Kampuni ya filamu ya AIP ilizoea filamu mbili za rangi nyeusi na nyeupe, kila moja siku 10. Corman akawashawishi watoe moja ya rangi kwa siku 15. Kwa muda huo ufundi ni wa kubana: ukungu wa kuficha kingo za seti, na ghala kuukuu lililochomwa moto ili kupata picha za jengo linaloanguka. Picha hizo zilirudiwa katika filamu zake za baadaye, ukikaza macho unaziona tena ndani ya The Tomb of Ligeia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni jeneza. Kwa Poe, Roderick, bwana wa nyumba ya Usher, anamsikia dada yake Madeline, aliyezikwa akiwa hai, akijitikisa ndani ya jeneza kwa siku kadhaa, naye hathubutu kusema. Ni woga. Kwenye filamu anaona kidole kikicheza, kisha anafunika haraka. Huyo sasa ni muuaji. Na msimulizi asiye na jina, rafiki wa utotoni, amegeuzwa mchumba wa Madeline, kwa hiyo tunamwangalia Roderick kama kizuizi cha ndoa. Dakika zimeongezeka, lakini mtu amepungua.

Mzee wa Rili
Hilo la kidole sina jibu.

Fundi Taa
Mnabishana juu ya kuongeza matukio tu. Kuna kuongeza picha, na huko ndiko kunakoharibika zaidi. "Casting the Runes" ya M. R. James (1911) inakwenda kwa sheria: kikaratasi cha uchawi lazima ukipokee mwenyewe kutoka kwa aliyekutega, na ukitaka kupona umrudishie naye akipokee bila kujua. Karswell, mchawi mwenyewe, anarudishiwa ndani ya treni, halafu anauawa Abbeville, Ufaransa, na jiwe lililoanguka kutoka kanisani. Jiwe! Ungeweza kusema ni ajali, na hapo ndipo mgongo unapopata baridi. Jacques Tourneur aliibadili kuwa Night of the Demon (1957), na sheria ya kikaratasi aliishika vizuri. Lakini mtayarishaji, Hal E. Chester, akaingiza zimwi waziwazi, tena mwanzoni kabisa, huku mwandishi wa muswada Charles Bennett akipinga. Mtazamaji akishaliona, safari yote ya mwanasayansi asiyeamini inakuwa kusubiri tu akubali tunachokijua.

Chaki na Jogoo
Siafiki kwamba kuonyesha ndiyo kosa. Viy, filamu ya Kisovieti (1967) kutoka hadithi ya Nikolai Gogol, inaonyesha kila kitu: mikono inatoka ukutani, jeneza linaruka, zimwi Viy anainuliwa kope. Inafaulu kwa sababu imefuata mpangilio wa Gogol: usiku tatu kanisani kando ya maiti ya mchawi, duara la chaki la kujikinga, jogoo akiwika mambo yanasita. Kila usiku vitisho vinapanda ngazi moja. Mario Bava alidai kuchota hadithi hiyohiyo kwa La maschera del demonio (1960), na sioni alichobakiza zaidi ya mchawi aliyekufa akarudi. Filamu nzuri mno, lakini Gogol hayumo.

Msomaji wa Usiku
Nilikuja na hoja kwamba tatizo ni urefu, na dawa ni kufunga hadithi kadhaa ndani ya filamu moja, kama Tales of Terror (1962). Nimeirudia jana. Sehemu ya "The Black Cat" ilikuwa na nafasi yake fupi, haikulazimika kuvutwa. Na bado Matheson kaichanganya na "The Cask of Amontillado", akaweka na mashindano ya kuonja mvinyo. Kwa hiyo si suala la dakika. Binti Usher, rudi kwenye kidole: unadhani kiliwekwa kujaza muda, au Matheson hakuuamini woga wa Roderick peke yake?

Binti Usher
Hakuuamini. Mwoga aliyekaa kimya anahitaji msimulizi wa kutueleza kilichomo kichwani mwake. Kamera inataka kidole.