Gumzo la familia: Rukia anatusimulia sherehe za Gion mjini Kyoto, Japani

Ami Haji: Assalaam alaykum, jamaa. Rukia mwanangu, leo ni tarehe 17 Julai, na ulituahidi kwamba msafara ukimalizika utatuandikia. Nina sababu ya kuuliza. Huku Makunduchi tumo katika maandalizi ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na kila mwaka naona wanaozijua nyimbo za zamani wanapungua, kwa kuwa vijana wengi wamehamia mjini. Nataka kujua watu wa huko wameishika vipi mila yao muda wote huo.

Rukia: Waalaykum salaam, Ami. Shikamooni nyote. Nimerudi nyumbani sasa hivi, jua la hapa ni kali na sauti imenikauka, lakini nitaandika kadiri niwezavyo.

Sherehe hii ilianza mwaka 869, wakati maradhi ya kuambukiza yalipoangamiza watu wengi mjini. Walisimamisha mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi wakati ule, wakaomba balaa iondoke. Mikuki ile ndiyo iliyokua karne baada ya karne hata ikawa magari makubwa ya mbao yanayoitwa hoko na yama. Leo yako 34: ishirini na matatu yamepita leo asubuhi, na kumi na moja yatapita tarehe 24.

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kuja ni kwamba magari haya si ya serikali, wala si ya hekalu la Yasaka ambalo sherehe ni yake. Kila gari ni mali ya mtaa mmoja, na mtaa kwa maana ya hapa ni nyumba zinazotazamana pande mbili za kipande kifupi cha njia. Mtaa ndio unaolitunza, ndio unaotafuta fedha, na ndio unaoaibika lisipotoka.

Kaka Juma: Gari moja lina uzito gani? Katika picha uliyotuma jana limezipita nyumba za ghorofa.

Rukia: Yaliyo makubwa hufika tani 12, na ncha ya mlingoti hufika kama mita 25 juu ya ardhi. Kiunzi hakipigiliwi misumari. Mbao hufungwa kwa kamba za mabua ya mpunga, mizunguko kwa mamia, ili gari liweze kunepa kidogo linapotikisika badala ya kuvunjika. Nilisimama tarehe 11 nikiwatazama mafundi wakifunga, na mzee mmoja alikuwa akipiga kila fundo kwa nyundo ya mbao na kusikiliza mlio wake kabla ya kuendelea na jingine.

Magurudumu hayana usukani, kwa hiyo kugeuza kwenye njia panda ni kazi ya watu na maji. Hutandaza vipande vya mianzi mibichi chini ya magurudumu, huimwagia maji, kisha wavutaji kama arobaini au hamsini huivuta kamba kwa upande, kwa pamoja, mara mbili au tatu, mpaka gari lote limegeuka robo duara. Leo nilikuwa pale Shijo Kawaramachi. Gari lilipoteleza na kutulia, watu walipiga makofi kama waliokuwa wamezuia pumzi.

Shangazi Mwanaisha: Mimi nauliza vitambaa. Nimeona kama zulia la Kiajemi limening'inizwa ubavuni mwa gari la Kijapani. Limefikaje huko?

Rukia: Umeona sawasawa, Shangazi. Wafanyabiashara wa mitaa hii walikuwa watu wa hariri na nguo, na kila mtaa ulitaka gari lake lipendeze kuliko la jirani, basi wakanunua vitambaa vilivyoletwa na merikebu kutoka mbali: mazulia ya Uajemi na India, tarizi za China, na mapazia yaliyofumwa Ulaya. Kuna gari moja liitwalo Kanko-boko, ambalo pazia lake la mbele lilifumwa Ubelgiji, nalo linaonyesha Rebeka akimpa maji mtumishi wa Nabii Ibrahim aliyetumwa kumtafutia Isaka mke. Nilipolitambua nilisimama pale muda mrefu. Vitambaa vingine vya asili vimechakaa na hubaki ndani, na nakala zilizofumwa upya ndizo zitokazo barabarani.

Bibi: Rukia mjukuu wangu, nimesomewa yote haya na nimefurahi. Lakini umesema hekalu. Wewe unafanya nini katika mambo hayo?

Rukia: Bibi, shikamoo. Nilijua utauliza, na ni haki yako. Ibada ni yao na ina watu wake. Mimi sishiriki katika maombi, na majirani wanalijua hilo na hawajapata kunisukuma. Ninafagia njia pamoja nao asubuhi, na jioni za tarehe 14 hadi 16, taa zinapowashwa na umati unapofurika, nimesaidia kuwaelekeza wageni. Mama wa nyumba ya pili amenifundisha mengi. Ndiye aliyeniambia kwamba wapo wanaojizuia kula matango mwezi huu, kwa kuwa tango likikatwa hufanana na alama ya hekalu lao.

Amenieleza pia habari ya chimaki, yale mafungu ya majani ya mwanzi yanayotundikwa juu ya mlango mwaka mzima. Ndani hakuna chakula. Wanasimulia kwamba mgeni alipita akiomba pa kulala, tajiri akamfukuza, na maskini aitwaye Somin Shorai akampokea kwa kidogo alichokuwa nacho. Maradhi yalipokuja, nyumba ya maskini ilisalimika. Kijikaratasi cha chimaki husema kwamba waliomo ni wa kizazi chake.

Bibi: Kumpokea mgeni ni jambo jema popote. Endelea.

Shangazi Mwanaisha: Na wanawake je, hupanda juu ya magari?

Rukia: Baadhi ya mitaa imekubali, na wapo wanawake na wasichana wanaopiga muziki. Mingine bado hairuhusu, na Naginata-hoko, lile linalotangulia msafara, ni mojawapo. Siridhiki na hilo, na hata hapa wako wasioridhika, ila uamuzi ni wa kila mtaa.

Ami Haji: Sasa nijibu swali langu. Mtaa ukihamwa, nani hubaki na kazi?

Rukia: Ami, hilo limewapata pia. Nyumba za mbao zimegeuka ofisi na hoteli, na ipo mitaa ambayo karibu hakuna anayelala humo. Lakini waliohama hawakujitoa. Hurudi kila Julai, na wakazi wapya wa majengo ya ghorofa hukaribishwa. Kuvuta kamba husaidiwa na watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi na wageni.

Muziki hurithishwa mapema sana. Mtoto wa shule ya msingi huanza na kengele ndogo ya shaba, na kwa kuwa mpiga kengele lazima aifuate ngoma na filimbi, huzikariri zote bila kuambiwa. Akikua huchagua mojawapo. Mapema mwezi huu nilikuwa nawasikia wakifanya mazoezi ghorofani usiku, madirisha yakiwa wazi.

Tena hawaachi hata wanaposhindwa. Maradhi ya korona yalizuia misafara ya mwaka 2020 na 2021, lakini mwaka 2021 baadhi ya mitaa iliyaunda magari na kuyabomoa bila kuyatoa, ili mikono isisahau mafundo. Na lipo gari lenye umbo la jahazi, Ofune-hoko, lililoteketea katika moto wa mwaka 1864. Mtaa haukusema gari limekufa. Gari lisilotoka huitwa gari lililopumzika, na vitu vilivyookolewa katika moto vilitunzwa na kuonyeshwa na vizazi vilivyofuata. Mwaka 2014 jahazi lilitoka tena, baada ya miaka 150.

Ami Haji: Gari lililopumzika. Neno hilo nitalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi. Na hilo la kengele pia, kwa sababu sisi tumekuwa tukiwangoja watoto wakue ndipo tuwafundishe.

Kaka Juma: Magari ya leo yanalala wapi sasa?

Rukia: Yameanza kubomolewa leo leo, saa chache tu baada ya kurudi. Wanaamini yamekusanya maradhi yote ya mji njiani, hivyo hayafai kuachwa yamesimama. Nilipopita, vitambaa vilikuwa vimekwisha kukunjwa na kamba zinakatwa. Mwezi ujao kuna sherehe ndogo ya watoto, Jizo-bon, ambapo huketi duara wakizungusha mikononi uzi mmoja mrefu wa shanga, mfano wa tasbihi kubwa. Nitawaandikia siku hiyo.

Lile jahazi litasimama mtaani mpaka tarehe 23 usiku. Nikipiga simu ya video saa mbili usiku ya huku, kwenu itakuwa saa nane mchana. Bibi, utakuwa macho?

Bibi: Nitakuwa nimekwisha swali adhuhuri. Juma ashike simu, nataka nilione lote, omo mpaka tezi.